Bado Jani Moja, Mjomba

"Hadithi iko mlangoni!"

"Ifungulie, iingie!"

"Ina vumbi miguuni!"

"Ipanguse, iingie!"

"Ikae wapi?"

"Ikae katikati yetu!"

Haya, imekaa. Sogeeni. Karanga zenu menyeni, lakini maganda yawekeni mbele yenu, msiyasukume chini ya jamvi mkadhani sioni. Na wewe Tumu, ukitaka kusinzia sinzia tu, hadithi hii haina ugomvi na mwenye usingizi. Yenyewe imejaa ukungu mwanzo mpaka mwisho.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata mlima ulikuwa haujaamka vizuri, palikuwa na msitu mmoja mpole sana. Jani likidondoka mtini, unakwenda nyumbani, unakula, unaoga, unarudi, unalikuta bado liko hewani linashuka. Mnacheka? Mlikuwepo? Basi tulieni.

Katika msitu huo aliishi Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo wa kutosha kiganjani, ana miguu myembamba na pua ndefu inayochezacheza hata akiwa amelala. Sange hana pembe. Hana meno ya kumtisha mtu. Kitu alicho nacho ni njia zake. Sange huchonga njia ndogondogo chini ya miti, na kila siku huzifagia kwa mikono yake miwili. Chwa, chwa, chwa. Jani hili kulia. Chwa, chwa, chwa. Jani hili kushoto. Njia ya sange haina jani, haina kijiti, haina punje ya mchanga iliyokaa vibaya. Akipita humo huoni kitu, unasikia tu: ti-ti-ti-ti, kisha kimya.

Nyumba yake ilikuwa chini ya mkuyu mkubwa. Ilikuwa lundo la majani makavu, na ndani ya lundo alikuwemo Bi Sange na watoto wawili waliozaliwa juzi, macho hawajafumbua sawasawa. Mkuyu ule ulikuwa wa wote. Wa juu walikula makuyu juu, wa chini walikula yaliyoanguka, na Sange alikula wadudu waliokuja kula makuyu yaliyooza. Kila mtu alishiba, akapata na nafasi ya kuota ndoto.

Na walikuwa na mchezo wao. Sikilizeni vizuri, maana nikishaeleza sirudii. Kuna jiwe moja bapa, na kuna vichuguu vitatu. Mpigaji anasimama kwenye jiwe na rungu lake. Mtupaji anamtupia kwakwa, lile tunda la mviringo lenye ganda gumu. Ukilipiga unakimbia: kichuguu cha kwanza, cha pili, cha tatu, unarudi kwenye jiwe. Ukirudi salama ni bao. Wakikugusa na kwakwa kabla hujarudi, umetoka. Ukilikosa mara tatu, umetoka vilevile. Wakitoka watatu, zamu yenu ya kupiga imekwisha. Na sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwakwa lipite kati ya goti la mpigaji na kwapa lake, likipita kwingine halihesabiki. Ya pili, mtupaji hatupi mpaka mpigaji aseme, "Niko tayari." Nasikia siku hizi wako watu ng'ambo wanacheza kitu kama hicho, wanakiita besiboli, na kofia wanavaa. Sijui ni nani aliyewapelekea habari.

Wanyama walicheza mchezo huo kwa kujifurahisha tu. Aliyechoka alikaa. Aliyechelewa aliingia. Mabao waliyasahau hapohapo uwanjani.

Mpaka siku alipokuja Nyani Kigunda.

Nyani Kigunda alikuwa mkubwa wa manyani wote wa majabalini. Mabega yake mapana, mkono wake mrefu, na mashavu yake, jamani, mashavu yake! Yalikuwa na mifuko ndani. Akila kuyu moja, anaweka moja shavuni. Akila mawili, anaweka mawili shavuni. Hata akilala, shavu moja lilikuwa limejaa, la akiba.

Nyani Kigunda akakaa juu ya mkuyu, akautazama mchezo, akasema, "Huu mchezo mnauchezea. Mimi nitaufanya kazi." Akachagua tumbili, kima na manyani wenzake, jumla tisa pamoja na yeye, akawaambia, "Kuanzia leo ninyi ni wachezaji wa kulipwa. Hamtafuti chakula, hamlei watoto. Mnacheza tu. Nitawalisha makuyu asubuhi na jioni." Hiyo ikawa Timu ya Juu, na ndiyo timu ya kwanza ya kulipwa chini ya jua lile.

Kisha akawaita wa chini. "Tucheze mchezo mmoja," akasema. "Mkishinda, mkuyu utabaki wa wote kama zamani. Mkishindwa, au hata tukilingana, mkuyu ni wangu juu na chini. Na hapo chini nitapakanyaga pawe uwanja mkubwa. Haya malundo ya takataka nitayatimua."

Aliposema malundo ya takataka, alinyoosha kidole kwenye nyumba ya Sange.

Sange alikuwa njiani anafagia. Akasikia. Mikono yake ikasimama. Aliogopa, watoto wangu, aliogopa mpaka ncha ya pua ikawa baridi. Watoto wadogo vile angewabeba vipi, awapeleke wapi?

"Na sheria yangu ya tatu," akasema Nyani Kigunda, akitia kuyu shavuni. "Timu ni wachezaji tisa, na wote wawe wa kulipwa. Ikipungua mmoja, imeshindwa kabla ya kuanza."

Nahodha wa Timu ya Chini alikuwa Kobe. Akazunguka taratibu, akawaajiri wenzake kwa alichokuwa nacho. Ngiri kwa mizizi. Paa kwa majani machanga. Nungunungu kwa muhogo, na msiulize muhogo ulitoka shamba la nani. Akapata wanane. Wa tisa alikuwa Sungura.

Siku ya mchezo ikafika, Sungura hayupo. Ndiyo, Sungura huyohuyo mnayemjua, anayejidai kwenye kila hadithi. Alituma neno kwamba jino linamuuma. Lakini Kanga alimwona jana yake akitoka majabalini kwa Nyani, sharubu zimeloa maji ya makuyu. Basi leo hatumtaki, akae na jino lake.

Kobe akageuza shingo kulia. Akageuza shingo kushoto. Chini ya kivuli akamwona Sange anafagia. Chwa, chwa, chwa.

"Bwana Sange," akasema Kobe. "Umewahi kushika rungu?"

"Rungu? Mimi nashika majani, nahodha."

"Basi leo wewe ni mchezaji. Malipo yako haya." Akamwekea mbele jani moja, na juu ya jani kumbikumbi watatu wanono.

Sange akawatazama kumbikumbi. Akautazama mkuyu. Akalitazama lundo lake la majani, na ndani yake akasikia watoto wanalia kwa sauti nyembamba, nyembamba sana. Akatia alama ya kiganja chake mchangani mbele ya Kobe. Mkataba huo. Kisha akawakunjia kumbikumbi ndani ya jani, akawaficha nyumbani.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Sange.

"Nakwenda kazini, mama watoto."

"Si ndiko ulikotoka?"

"Leo nimepata ya pili."

Mchezo ukaanza. Mwamuzi alikuwa Kanga, kakaa juu ya kisiki karibu na jiwe, macho makali, sauti kali zaidi. Juu ya miti nyenje walikuwa wanaimba, nyeeeee, nyeeeee, msitu mzima ukawa kama unavuma ndani ya usingizi wake.

Timu ya Juu wakapiga. Po! Tumbili mbio, bao. Timu ya Chini wakapiga. Po! Paa mbio, bao. Kwakwa lilipanda polepole mpaka likawa dogo karibu na jua, likakaa huko likifikiri, kisha likashuka. Na Sange? Sange walimweka mbali kabisa, kwenye pembe ya uwanja ambako hata nzi hakufika. Akaona pachafu. Akafagia.

Wakafika mwisho. Timu ya Juu mabao matatu. Timu ya Chini mabao matatu. Zamu ya mwisho kupiga ni ya Timu ya Chini, na wawili wameshatoka. Amebaki mmoja tu. Na wakilingana, mnakumbuka? Mkuyu unakwenda.

Kobe akahesabu watu wake kwa macho. Wote walikuwa wameshapiga. Aliyebaki alikuwa Sange.

Ngiri akainamisha kichwa akasema, "Tumekwisha." Nungunungu akakaa chini, miiba yote ikalala. Kobe mwenyewe akaanza kurudisha shingo ndani.

Sange akaja. Ti-ti-ti-ti. Rungu hakuliweza, akaokota kijiti. Lakini kabla ya kupanda kwenye jiwe akainua pua, akasikiliza. Nyenje walikuwa bado wanaimba, ila walikuwa wameanza kushusha sauti.

Sasa hapa ndipo penyewe. Sange anafagia njia kila siku, kwa hiyo anayajua mambo ya chini. Anajua kwamba kila alasiri nyenje hupunguza, hupunguza, kisha hunyamaza. Na wakinyamaza, ukungu hushuka kutoka mlimani ukajaza msitu mpaka usione mkono wako. Nyani Kigunda alikuwa hajui. Saa hiyo kila siku huwa amelala majabalini, tumbo juu.

Sange akatazama chini ya jiwe. "Lo," akasema. "Hapa pachafu. Mimi siwezi kusimama mahali pachafu." Akaanza. Chwa, chwa, chwa.

Nyani Kigunda alikuwa kasimama mbele, kwakwa mkononi. "Uko tayari?"

"Bado jani moja, mjomba."

Nyani akangoja. Akachoka kungoja bure, akachuma kuyu kwenye tawi la jirani, akalitia shavu la kushoto.

Chwa, chwa, chwa. Sange akafagia mbele ya jiwe. Akasogea kidogo upande wa bonde. Chwa, chwa, chwa.

"Uko tayari?"

"Bado jani moja, mjomba."

Nyani akalitia jingine shavu la kulia.

Sange akafagia akishuka. Njia nyembamba ikatokea nyuma yake, laini kabisa, kutoka kwenye jiwe kwenda upande wa bonde kule kwenye kijito. Juu ya miti wakaimba nyeee, halafu nye, halafu wakapumzika kidogo. Hewa ikawa nzito na tamu. Kima mmoja pale uwanjani akapiga mwayo. Tumbili naye akapiga mwayo. Hata mimi nikisimulia hapa napiga mwayo, samahanini.

"Uho hayayi?" Mashavu yalishaanza kuwa mazito.

"Bado jani moja, mjomba."

Nyani akaongeza sita, matatu kila shavu.

"Mwamuzi!" wakalalamika manyani. "Huyu anafagia mpaka lini?"

Kanga akanyoosha shingo. "Sheria ni sheria. Hajasema yuko tayari. Kekekeke!"

Sange akarudi juu, akapanda kwenye jiwe, akashika kijiti chake. "Niko tayari, mjomba."

Nyani Kigunda akauzungusha mkono ule mrefu, akatupa kwa nguvu zake zote. Vuuuu! Kwakwa likapita juu ya Sange, juu sana.

"Juu!" akalia Kanga. "Juu ya kwapa! Halihesabiki!"

Nyani akainama kidogo, akatupa. Vuuuu! Likapita juu.

"Juu! Halihesabiki!"

Nyani akapiga goti, akatupa. Vuuu! Likapita juu tena, likampangusa Sange nywele za kichwani.

"Juu! Halihesabiki! Kekekeke!"

Sasa jamani, kati ya goti la sange na kwapa la sange pana nini? Hata kidole hakipiti. Nyani Kigunda alikuwa na mkono wa kuvunjia miti, lakini mahali padogo namna hiyo alikuwa hajawahi kutupa.

Sange akamwambia kwa adabu, "Mjomba, unanitafuta huko juu, na mimi naishi huku chini."

Nyani akakasirika. Masikio yakawa mekundu. Alitaka kusema, "Basi nitakufuata hukohuko chini!" Ikatoka, "Mmmmmm!"

Wakati huohuo, nyenje wakanyamaza.

Mmewahi kusikia nyenje wote wakinyamaza kwa pamoja? Ni kama mtu amefunika sufuria. Mlima ukaachia shuka lake jeupe. Ukungu ukashuka ukafunika matawi ya mkuyu, ukafunika kichuguu cha tatu, cha pili, cha kwanza, ukawafunika tumbili, kima na manyani mmoja mmoja kila aliposimama. Ukafika mpaka kwa Nyani Kigunda, ukamshika kiunoni. Yeye akaona jiwe tu, na juu yake kijitu kidogo chenye pua.

"Niko tayari, mjomba."

Nyani akainama mpaka chini, akaliviringisha kwakwa ardhini. Guru, guru, guru, guru, likaja. Na kwa mpigaji kama Sange, ardhini ndiko kati ya goti na kwapa. Safari hii lilihesabika.

Sange aliwafikiria wale watoto wawili ndani ya lundo. Akanyoosha kijiti chake, akaligusa kwakwa ubavuni. Ti! Basi. Akaliambia tu lielekee bondeni.

Na bondeni kulikuwa na njia. Haikuwa na jani, haikuwa na kijiti, haikuwa na punje ya mchanga iliyokaa vibaya. Kwakwa likaishika njia hiyo, likashuka. Guruguru, guruguru, guruguruguru. Hapakuwa na kitu cha kulisimamisha. Likaenda zake kwenye kijito likiwa na furaha kabisa.

Sange akaruka kutoka kwenye jiwe. Ti-ti-ti-ti.

Timu ya Juu wakasikia guruguru, hawakuona kitu. "Liko wapi?" "Liko kwako!" "Kwangu halipo!" Po! Kima wawili wakagongana vichwa. Nyani mmoja akaokota jiwe la kawaida, akafurahi, akalikumbatia. Wote wakawa wanapapasa ndani ya ukungu, mikono mbele.

Sange akafika kichuguu cha kwanza. Ti-ti-ti-ti. Miguu yake haikuhitaji macho. Akafika kichuguu cha pili. Ti-ti-ti-ti. Aliona kama anakimbia ndani ya maziwa. Hakukuwa na juu, hakukuwa na chini. Alisahau mkuyu, alisahau mabao, alisahau hata kuogopa, akawa miguu tu inayopita penye raha. Alikuja kusema baadaye kwamba hajawahi kufurahi vile maishani, na kwamba alitamani vichuguu viwe kumi.

Kule kijitoni, Tumbili akasikia maji yakisema bluku! Akatia mkono, akalitoa kwakwa. "Ninalo!" akapiga kelele. "Mkubwa, nitupe wapi?"

Sasa Nyani Kigunda angesema neno moja tu. "Hapa!" Neno fupi hilo. Lakini mashavuni mwake mlikuwa na makuyu manane yaliyoiva, laini, matamu. Kufungua mdomo ni kuyamwaga. Mkuyu mzima ulikuwa unamngoja, wenye makuyu elfu na elfu nyingine, naye akashindwa kuyaacha manane.

"Mmmmmm!" akasema Nyani.

"Wapi?"

"Mmmmmmmm!"

Tumbili akasikiliza ile mmm inatoka wapi, akakisia, akatupa. Kwakwa likaruka ndani ya ukungu, halionekani, halisikiki, limelala hewani. Nyani Kigunda alikuwa kasimama mikono wazi. Pa! Likamwangukia kiganjani.

Na Sange je? Sange alishapita kichuguu cha tatu. Ti-ti-ti-ti, jiwe lilee. Hatua tano. Hatua tatu. Hatua moja.

Akasimama.

Juu ya jiwe palikuwa na jani.

Msinitazame hivyo. Alisimama. Lilikuwa jani moja la mkuyu, lilianza kudondoka wakati mchezo unaanza, sasa ndiyo limefika. Nyuma yake yuko Nyani na kwakwa mkononi, hatua mbili tu, amguse atoke, mkuyu uende, nyumba itimuliwe. Sange alijua yote hayo. Moyo ulimwambia kanyaga. Lakini miguu ya sange haikanyagi penye jani. Ilikataa. Angelia kama angekuwa na nafasi.

Basi akafanya anachojua. Akanyoosha mikono. Chwa.

Nyani Kigunda akageuka kwa ile sauti. Ndani ya ukungu akaona jiwe. Akaona kijitu kidogo chenye pua, kimeinama kando ya jiwe, kinafagia. Akatazama mkononi mwake. Kwakwa hilo hapo.

Nyani akasimama, akawaza. Mbona huyu bado anafagia? Mimi si nilishatupa? Au sijatupa? Kama nilitupa, kwakwa lingekuwaje mkononi? Labda nilisinzia. Ndiyo, saa hizi huwa nimelala. Nimeota nimetupa. Nimeota na kelele zote zile. Huyu bwana hajamaliza kufagia tangu alipoanza.

Akafikicha macho kwa mkono mmoja. Na kwa sauti ya mtu aliyechoka sana kungoja, akauliza, "Mm mmmm?"

Sange akashtuka. Akajibu, na safari hii halikuwa neno la ujanja, ilikuwa kweli yake tupu:

"Bado jani moja, mjomba."

Nyani Kigunda akashusha pumzi. Akachuma kuyu la tisa.

Chwa. Jani likaenda pembeni. Sange akapanda kwenye jiwe, miguu yote minne, akageuka akasema, "Sasa nimemaliza."

"Baoooo!" akalia Kanga. "Kichuguu cha kwanza nimesikia! Cha pili nimesikia! Cha tatu nimesikia! Na jiwe nimeona! Bao! Kekekekekeke!"

Hapo ndipo Nyani alipofungua mdomo. Akaufungua wazi kabisa, "Haaaa!" na makuyu yote tisa yakamwagika, po, po, po, po, yakaviringika kwenye ile njia safi, guruguruguru, mpaka kijitoni. Samaki wakashukuru.

Ngiri alicheza. Nungunungu alisimamisha miiba yote kwa furaha, wenzake wakamkimbia. Kobe akatoa shingo yake yote nje, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akasema, "Bwana Sange, baki na sisi. Mchezo kila siku. Kumbikumbi asubuhi, kumbikumbi jioni. Utakuwa mchezaji mkubwa kuliko wote."

Sange akafikiri. Alikumbuka ule ukungu na miguu yake ndani yake, na alitamani, msidhani hakutamani.

"Na njia atafagia nani?" akauliza.

Akawaaga, akaweka kijiti chake pembeni palipofagiliwa, akaenda.

Hiyo ndiyo kazi yote ya Sange katika mchezo wa kulipwa. Siku moja. Zamu moja. Bao moja. Kuna wanyama walicheza mpaka wakazeeka, majina yao hata Kanga hayakumbuki.

Alipofika nyumbani ukungu ulikuwa umekaa juu ya lundo kama mfuniko. Watoto walikuwa wamelala. Bi Sange akauliza, "Umechelewa, baba watoto. Hiyo kazi ya pili ilikuwa kazi gani?"

"Ya kufagia," akasema Sange. Akakunjua jani, akampa kumbikumbi wake. Bi Sange akala mmoja, wawili akawawekea watoto. Kisha Sange akalala, na mikono yake ikawa inafagia usingizini, polepole. Chwa. Chwa.

Sasa, funzo. Lazima tuwe na funzo, wazazi wenu wasije wakasema nawapotezea muda. Funzo la hadithi hii ni kwamba mtu akiwa anakimbilia jambo la maana, asisimame njiani kwa ajili ya jani. Apite tu, akanyage, aendelee mbele. Na akipata chakula ajaze mashavu yote mawili, maana hajui kesho. Funzo hili nimelipata kwa Nyani Kigunda mwenyewe, na yeye ni mzoefu, kafundisha wengi. Kamuulizeni, bado anakaa palepale majabalini, haruhusiwi hata kuhesabu makuyu.

Haya, inukeni. Lo! Hebu tazameni haya maganda ya karanga! Nimesema nini mimi mwanzoni? Tumu, umeamka? Lete ufagio.

"Hadithi inataka kutoka!"

"Ifungulie, itoke!"

"Imesahau kitu ndani!"

"Imesahau nini?"

"Jani moja!"

"Bibi, fagia mwenyewe!"